Gramu Mia Mbili Hamsini na Moja

Ijumaa, Mabela, saa mbili asubuhi.
Mama hajamaliza uradi wake
nami nimeshaipandisha chupa ya mafuta juu ya mizani:
elfu moja mia sita arobaini na mbili.
Naandika kwa penseli, nyuma ya bili ya umeme.

Daktari wa Al Khoudh, msichana mdogo
anayekata maneno kama anayekata kitunguu,
aliliweka faili chini akaniambia:
Thuraya, unachokula unakijua.
Na unachokaangia?

Nikaja nikamuuliza Mama, unatia kiasi gani?
"Kiasi."
Kiasi gani, Mama?
"Mpaka kitunguu kiache kulalamika."

Kumimina alifundishwa Ng'ambo, jikoni kwa shangazi yake,
siku ambazo mafuta yalinunuliwa kwa kibaba
na mkono ukijua wenyewe pa kukomea.
Mkono ule ule kauleta huku, kwenye chupa za madukani,
na hapa hakuna kinachoukomesha.
Kitunguu kikawa kahawia. Bizari nzima. Mdalasini.
Ndimu kavu mbili, zilizotobolewa kwa uma,
kwa ajili ya Baba, mtu wa Ibra,
ambaye mwaka wa nne huu hayupo kuzila.

Nikairudisha chupa kwenye mizani.
Elfu moja mia tatu tisini na moja.
Toa. Mia mbili hamsini na moja.
Kila gramu kalori tisa:
elfu mbili mia mbili hamsini na tisa,
na mchele bado haujasema neno,
na nyama bado haijaulizwa.

Simu inataka kujua: walaji wangapi?
Sita.
Mia tatu sabini na sita na nusu kila mmoja.
Simu inataka kujua: sahani yako ina ukubwa gani?
Sahani ipi? Sinia ni moja.
Muhanna anachimba upande wake kama mchimba falaji,
Shamsa, mwenye harusi, anadonoa kwa ncha za vidole,
na pande la nyama linasafiri polepole
kutoka kwa Mama, likipita mbele ya Aflah,
mpaka linasimama mbele yangu.
Hilo naliandika kwa jina la nani?

Nilikuwa nahesabu tumbo langu, nisidanganye.
Nguo ya harusi ipo kwa fundi, Ruwi,
zipu haipandi.

Alasiri nikaingia jikoni kutafuta maji.
Mama kasimama, kaegemea sinki,
sufuria mkononi, anakwangua ukoko.
Shuleni walitufundisha mafuta huelea.
Huelea penye maji.
Mchele ukishayanywa maji yote
mafuta hayana pa kukaa, yanateremka,
yanasubiri chini, kimya,
na ukoko ulikuwa uking'aa kama kioo.
Juu ya friji, vidonge vyake vya presha,
na vile vya sukari, kwenye kopo la biskuti.

Nikaitoa bili ya umeme mfukoni.
Nikafuta ile sita.

"Unaandika nini kila saa?"
Nahesabu chakula, Mama. Nahesabu chako.
Akacheka, midomo inameremeta,
akanikatia kipande, kile cha pembeni, kigumu, kitamu.
"Changu? Mie leo mbona sijala kitu."