Daftari la Vipimo

Maji ya Kisukuru huja saa tisa usiku,
Jumanne na Ijumaa, yakipenda.
Kwanza bomba hukohoa, hutema hewa.
Ndipo naburuta ndoo, nakaa kwenye kigoda,
daftari la ushonaji mapajani,
tochi ya simu begani, chini ya khanga.

Sina daftari jingine la kuombea.
Kushoto: kiuno, kifua, urefu wa mkono.
Kulia, kwa penseli, kile mtu alichosema
nilipomzungushia futi kifuani
na hakuwa na pa kutazama ila ukutani.
Mtu akipimwa husema. Sijui kwa nini.

Mama Nakunda, kiuno thelathini na nane:
mwanawe yuko Segerea, kesi inaahirishwa tangu Machi.
Lusajo wa vipuri, bega kumi na tisa:
ameacha pombe. (Ijumaa alinuka. Bwana, ameacha pombe.)
Mwalimu Eliakunda, gauni la kijani, kifua
kimefutwa, kimeandikwa, kimefutwa tena.
Upande mmoja nilitia pamba, nikashona bila kuuliza.
Kukuuliza Wewe, nimeuliza sana.

Mafundi tunajulikana kwa "njoo kesho."
Na mimi nilisema "nitakuombea"
kwa ulimi ule ule,
miaka mingi, mlangoni mwa kanisa, mkono ukipungwa,
nguo ya mtu ikiwa haijakatwa hata kitambaa.
Ndiyo maana nikaanza kuandika.

Sasa hili la Kaanaeli.
Koti la kijivu, alilipa nusu,
akasema, "Fundi, niombee mguu huu, kidonda hakifungi."
Hakurudi. Koti likaning'inia, likala vumbi.
Nami kila Jumanne, kila Ijumaa:
Bwana, mguu wa Kaanaeli.
Miaka mitatu. Sikuruka hata alipokuwa ameniudhi
kwa kutokuja kumalizia deni.

Mwezi uliopita akaja binti na risiti iliyokunjika.
"Babu aliacha koti hapa."
Yuko wapi mwenyewe?
Tulimzika Same, akasema, mwaka juzi, mvua za vuli.

Nilikaa kimya, pasi ikiunguza kitambaa cha watu.
Miaka miwili, Bwana,
nilikuombea mguu wa mtu aliye udongoni,
na Wewe ukaniacha niendelee
kama mtu anayepiga simu kwa namba iliyofungwa.
Ungeweza kuniambia.
Usiku ule nilikuambia hivyo, kwa sauti,
na mama Shabani akafungua dirisha akidhani nimeingiliwa na mwizi.

Nilichukua penseli nimpige mstari.
Penseli hewani, ndoo ikafurika.
Maji yakapita chini ya mlango,
yakafika kwenye mchicha wa jirani,
ambao sikuukusudia.
Nikayaacha yaende kidogo.
Bili ni yangu.

Binti alilivaa koti pale pale, vidole havionekani.
Nikamwambia simama, nikatoa futi.
Mkono, inchi ishirini na moja. Jina lako?
Tulizo.
Akatazama ukuta.
Akasema mtihani wa Oktoba. Akanyamaza.
Akasema tena, polepole, jambo ambalo sikuliandika;
hilo nalishika kichwani.
Deni la babu nimelifuta. Jina lake bado lipo.
Sijui namwombea nini sasa.
Nalitaja tu, halafu nanyamaza.

Adhana ya alfajiri imeanza upande wa Buguruni.
Mama Shabani anafagia, anauliza juu ya ukuta:
"Leo mimi umenitaja?"
Kiuno chako sijakipima, namjibu, na tunacheka,
lakini ukurasa wake upo, wa pili kutoka mwanzo.

Ndoo ya sita. Hapa nani?
Mkono ishirini na mbili, shingo kumi na tano,
na upande wa kulia penseli imefifia.
Alisema nini huyu?
Wewe unaujua mwandiko wangu.

Bomba limekohoa. Maji yamekatika.
Bado majina manne.


Sijanyanyuka.