Nyuzi Thelathini na Saba

Mama alishika nyuzi za pamba,
mimi nyuzi za joto:
thelathini na saba, si zaidi, si pungufu,
ndani ya kabati la chuma lenye mlango wa kioo.
Nje Tampere imeganda, ishirini na sita chini ya sifuri;
mto peke yake unakataa, unaporomoka katikati ya mji
ukitoa mvuke kama ng'ombe.

Kwa ng'ombe ndiko nilikoanzia.
Kila Jumanne, alfajiri,
Onni Vilppula wa machinjioni alinipa ndoo:
magoti manne, bado yana uvuguvugu.
"Supu?" aliniuliza siku ya kwanza.
"Utafiti," nikasema. Akacheka hadi kofia ikamwanguka.
Miaka thelathini na moja hakuacha kuuliza.

Nilikwangua gegedu, jeupe kama ukucha wa mtoto,
nikaliloweka katika kimeng'enya usiku kucha;
asubuhi kolajeni imeachia,
seli zinaelea, yatima wa duara.
Nikazitandaza kwenye plastiki, nikazilisha.
Zikala. Zikazaana. Zikasahau.
Nilikuwa nimelisoma hilo; kuliona ni kwingine:
seli ya gegedu ikiwekwa ugenini, pasipo mzigo,
hujinyoosha, hubapa,
huanza kusema kwa lafudhi ya kovu.
Mwacha asili ni mtumwa,
nami nilikuwa nao milioni arobaini, chupani.

Mwaka wa nne ukaingia ukungu.
Doa moja la kijani, kichwa cha pini.
Nikamwaga yote kwenye klorini,
nikakaa chini kwenye vigae
nikala soseji nzima peke yangu.
Machi ilikatika ruzuku. Juni, ndoa.

Mama alikuwa kiziwi wa mitambo.
Miaka ishirini na minane kiwandani,
mitambo kumi na miwili kwa zamu,
akienda, akirudi, akienda, akirudi,
hata magoti yakawa yanasaga kama mchanga chini ya mlango.
"Unafuma nini wewe?" alinipigia kelele mezani.
Nikamwandikia juu ya bahasha: GOTI.
Akasoma. Akaigeuza, akaandika:
Halitashika bila kutembezwa.

Sikulala.
Nilichomoa mota ya cherehani yake, bila ruhusa,
nikaiunga na pistoni ndogo ya kukandamiza seli,
kandamiza, achia, kandamiza, achia.
Nikamfuata Mama ukumbini na saa mkononi
nikihesabu hatua: hamsini na nne kwa dakika,
ule wa kulia ukichelewa.
Nikaweka hizohizo, pamoja na kuchechemea.

Wiki ya sita zilijikunja tena,
duara, zenye kiburi,
zikaanza kutema kolajeni ya kwao.
Wahakiki wakauliza kwa nini mdundo haulingani.
Nikajibu: sababu za kiufundi.

Karatasi za idhini zilichukua miaka tisa.
Mama hakuwa nayo.
Aliyetangulia kupandikizwa ni kipa wa magongo ya barafuni,
Jalmari Kuusniemi, kijana wa miaka kumi na tisa,
aliyenishukuru bila kuniangalia usoni, kama wanavyofanya kwetu.

Jumanne hii nimestaafu.
Nimekabidhi funguo, koti, na kabati likiwa limewashwa.
Nikapita kwa Onni, mzee sasa, mkono unatetemeka kwenye kisu.
"Supu?"
"Supu," nikasema,
na mara hii hakucheka.

Usiku nikaenda uwanjani kwa tiketi ya Jalmari.
Mchezo wenyewe siuelewi.
Kisahani kinaruka, watu wanasimama, mimi nimekaa
natazama sehemu moja:
anashuka, anainuka, anashuka,
barafu inapasuliwa na vyuma, na mle ndani,
nilipotegea sikio kwa miaka yote hii, kimya.
Gegedu zuri halina sauti.

Jirani yangu, kitambaa cha timu shingoni,
akaniuliza nashangilia upande gani.
"Goti la kushoto," nikamwambia,
akasogea kidogo kwenye benchi.