Kiuno Ndicho Hubeba

Ragnfrid ana mizani ya jikoni, ile ya unga,
na Agosti nzima haikupima unga.
Ilipima bizimu. Ilipima uzi.
Ilipima kijiko kabla ya kukatwa mpini, na baada.
Daftarini: hema, kilo moja na robo.
Kisu, gramu themanini na mbili.
Soksi za akiba alizikata kwa mstari,
kisha akaziandika tena pembeni, herufi ndogo, kwa aibu.

Shanta lenyewe alilishona kwa mkono,
nailoni nyembamba kama ganda la kitunguu,
halina fremu, halina mifuko ya ubavuni:
gramu mia tisa na kumi.
Aliliinua kwa kidole kimoja, akamwonyesha baba yake.

Halvard hakusema kitu. Akaenda bandani,
akarudi na la kwake: fremu ya mti aliyoipinda kwa mvuke
mwaka aliozaliwa binti,
mikanda ya ngozi iliyokauka ikashika umbo la mabega,
hata likitundikwa msumarini
unadhani kuna mtu amesimama.
Mizani ya unga, mwisho wake kilo tatu,
iliandika kosa, ikazimika.

Tulikwenda wawili; magoti ya mzee yalikataa.
Siku mbili juu ya uwanda wa Hardangervidda
mke wangu alitembea kama mtu aliyesahau kitu nyumbani,
akanisubiri kila mto.
Siku ya tatu, alasiri, kulungu dume
akainua pembe kutoka ukunguni.
Risasi moja ilitosha.

Hapo hesabu ikageuka.
Daftari lilijua tunachokwenda nacho,
tunachorudi nacho halikukiuliza.
Paja, paja la pili, mbavu, moyo ndani ya kitambaa:
kilo thelathini na nane, bado vuguvugu.
Ganda la kitunguu likavimba, likalegea,
mzigo ukamvuta nyuma
kama mtoto asiyetaka kwenda shule.
Kilomita kumi na moja hadi kwenye gari.
Mimi nilibeba bunduki, pembe, mikono ya mbele, na lawama.
Alikaa chini mara kumi na tisa, halafu akaacha kuhesabu.
Mshono wa kushoto ulikuwa ukiachia, uzi kwa uzi,
naye akiusikia.

Mzigo wa mwenzio, husemwa, ni kanda la usufi.
Juu ya jiwe lenye maji akaniambia
alikuwa akimwaza yule mtu wa msumarini,
miaka thelathini akishuka na nyama
ambayo yeye aliila mezani
akilalamikia chumvi.

Baridi hii anashona jingine.
Fremu imerudi, ya alumini, imepinda kidogo chini.
Kipimo alikichukua mgongoni mwa Halvard,
aliyesimama jikoni bila shati
akiutukana ubaridi wa utepe.
Mabegani mwa mzee mna mifereji miwili;
kidole chake kilienea humo. Hakuiandika.
Mkanda wa kiunoni ameufanya mpana, sifongo ngumu,
maana bega hushika tu,
kiuno ndicho hubeba.

Kilo mbili na gramu mia tatu.
“Zito,” anasema Halvard, akilivaa,
akifunga bizimu, akiifungua, akiifunga,
na bila kulivua
anatoka nalo kwenda kuleta kuni.