Ramani ya Huguette

Miaka thelathini na mmoja alipeleka barua kwa baiskeli
katika vilima vya Morvan,
na alipostaafu alinichorea ramani
nyuma ya bahasha kubwa isiyo na stempu.

Haina namba za barabara.
Ina mbwa.
Hapa mbwa wa kubweka tu.
Hapa mbwa wa kubweka na kukufuata hadi darajani.
Hapa mbwa alishakufa, lakini ukipita punguza mwendo.
Na pembeni, kwa herufi kubwa: JUMANNE USIENDE, MAGOGO.

Kwa hiyo leo ni Alhamisi.
Chupa ya maji, kipande cha jibini, kiraka kimoja cha tairi,
goti la kulia likilalama kama bawaba.

Kwanza birika la mawe walimofulia kina mama zamani;
maji yangali yanamwagika, nguo hakuna.
Kisha ng'ombe weupe ndani ya ukungu,
hujui ukungu unaishia wapi
na ng'ombe anaanzia wapi.
Kisha mlima.

Mlima hauna hila. Unakuambia tangu chini.
Gia ndogo, ndogo zaidi, hakuna tena.
Naihesabu pumzi kama mtu anayehesabu sarafu
mbele ya mwenye duka.
Magari? Limepita moja tangu alfajiri,
la Thévenet, daktari wa mifugo,
aliyeshusha kioo akasema, "Zimebaki kona tatu."
Zilikuwa saba. Mungu amsamehe.

Mteremko ndio mshahara, nao hulipwa kwa upepo:
machozi yanakimbilia masikioni,
misonobari inakuwa ukuta mmoja wa kijani,
harufu ya utomvu, harufu ya kangaga zilizolowa,
na vidole viwili juu ya breki, viwili tu,
kwa adabu.

Lakini kwenye bahasha kuna mstari mmoja
uliochorwa kwa penseli, kisha ukafutwa.
Karatasi imechubuka hapo.
Nilipomuuliza, Huguette aliinuka
akakoroga kahawa isiyotiwa sukari.

Leo nimeufuata.
Lami imepasuka, nyasi zimeota katikati
kama mshono wa shati kuukuu.
Hakuna gari, hakuna trekta, hakuna hata mbwa.
Nikajisemea: bibi huyu mchoyo,
kajifichia iliyo tamu kuliko zote.

Kona.

Msitu haukuwapo.
Kilima kizima kimenyolewa.
Visiki, na visiki, na mifereji ya magurudumu ya mashine
imejaa maji ya rangi ya kutu.
Magogo yamelazwa kando ya njia,
kila moja na namba yake ya rangi ya waridi.
Hapo ndipo nilipojua kimya kiko cha namna mbili,
na kile nilichokuwa nikikifuata miaka yote
kina ndege ndani yake.

Nikashuka. Nikaikokota baiskeli
kama anayepita mbele ya nyumba yenye msiba.
Chini, kwenye tope, kisanduku cha barua cha bati,
nguzo yake imevunjika, jina halisomeki.
Nikakifungua, sijui kwa nini.
Mlikuwa na tangazo la magodoro,
nusu bei, la mwaka aliozaliwa mwanangu.
Nikalirudisha. Nikafunga.

Jioni Huguette alikuwa mlangoni akimenya viazi.
Hakuuliza. Alitazama matairi yangu,
lile tope jekundu.
"Kule hakuna mbwa," akasema.
"Hakuna."
"Alikuwapo. Mweusi, sikio moja. Alikuwa akinisubiri
saa nne kasoro robo."

Akajifuta mikono kwenye aproni,
akaniletea penseli.
Nikauchora mstari upya, polepole, na kona yake,
naye akiibana bahasha kwa kidole chenye wanga wa viazi
isipeperuke.