Kipandio cha Tisa

Jaji alikuwa kijana, mafua yamemkaba.
Aliuliza mara moja tu: "Ulijua?"

Nilijua.
Nilikijua kipandio cha tisa cha ngazi ya stoo ya chini
kama ulimi unavyolijua jino bovu:
unalizunguka, unalikwepa, unatafuna upande wa pili.
Miaka kumi na mitatu nilishuka na ndoo ya makaa,
saba, nane, kisha mguu unaruka wenyewe, kumi.
Hata gizani. Hata na homa.
Hata usiku ule Gienek alipokata roho juu
nikashuka kutafuta shuka safi,
macho yamejaa maji, mguu ukahesabu bila mimi.

Gienek, Mungu amrehemu, alisema kesho.
Alikuwa na mbao,
alikuwa na misumari ndani ya kopo la kahawa,
alikuwa na kesho nyingi sana.
Alipokwisha, kesho zake zikaniangukia mimi, mrithi:
nyumba ya ghorofa mbili nyuma ya reli, Przemyśl,
mabomba yanayokohoa, paa, deni la jeneza,
na kipandio cha tisa.

Akaja msoma mita. Alhamisi, theluji ya Februari.
Witold Gajda. Alikung'uta viatu mlangoni,
akaomba radhi kwa matope yake.
Nikamwambia, "Taa ya chini imeungua, shikilia ukuta,"
nikarudi jikoni, supu isiungue nayo.
Hilo ndilo onyo nililompa: ukuta.
Kuhusu ubao sikusema neno,
na si kwa ubaya. Nilikuwa nimesahau
kwamba wapo watu duniani
ambao baada ya nane hukanyaga tisa.

Sauti yake haikuwa kubwa.
Gunia la viazi, likituliwa na mtu aliyechoka.
Kisha tochi, ikibingirika, ikibingirika,
tak.

Nyonga, mahali pawili. Miezi mitano bila kazi.
Mkewe, Halszka, aliketi mahakamani, mkoba mapajani.
Hakunitazama kwa chuki. Alitazama viatu vyangu,
kama anayejiuliza vilipitaje pale salama miaka yote.

Wakili wangu alisema: ngazi ni ya kale,
na mtu mzima ana macho.
Wakili wake alisema: macho ya nini gizani?
Aliingia kwa kazi, kwa ruhusa, kwa "karibu" ya mama huyu,
na karibu haiishii mdomoni.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone.
Mwenyeji mimi nilikuwa mzima kabisa.

Jaji akapenga kamasi, akasoma:
sheria haimdai mwenye nyumba azuie kila ajali ya dunia;
inamdai kile anachokijua,
na kile ambacho angekijua kama angetazama.
Nilitaka kusimama niseme, Mheshimiwa,
mimi sikutazama kwa sababu nilijua.
Nikakaa.

Bima niliacha kuilipa mwaka wa msiba.
Niliuza kodiani ya Gienek na kipande cha shamba la mama.
Fundi alikuja na msumeno wake:
mbao mbili, misumari minane kutoka kopo lile lile.
Dakika arobaini.
Nilizitazama zote kwenye saa ya jikoni.

Sasa kipandio ni kizima, na mimi ndiye nisiyejua kushuka.
Mguu bado unaruka. Mara mbili nimeyumba, nikadaka ukuta.
Najifunza upya, kwa sauti, kama mtoto wa chekechea:
saba. Nane. Tisa.
Ubao unajibu, na kila mara nashtuka.

Jana alikuja msoma mita mpya, binti, kofia ya sufu ya manjano.
Nilimtangulia kuwasha taa,
nikasimama juu, mkono kwenye fremu ya mlango.
Alishuka akipiga mluzi. Hakusita popote.
Kisha akanipandishia namba, kwa sauti ya kutosha nyumba nzima:
sifuri, nne, moja, moja, sita.