Soksi ya Kijani

Netherlaw, pembeni mwa Glasgow:
jukwaa moja, benchi moja, taa mbili,
moja imekufa tangu Novemba.
Dirisha la tiketi limezibwa kwa mbao.
Mashine imemeza pauni yangu, ikanyamaza.

Saa ya ukutani inasema sita na robo.
Mimi naisoma kumi na mbili na robo.
Mwaka wa tisa huu, bado nahesabu kutoka macheo,
hata huku, ambako Desemba
jua halina haraka na mtu.

Kipaza sauti kinaomba radhi:
treni ya mjini itachelewa dakika saba.
Kinamwomba nani? Mimi, njiwa wawili,
na Bwana Rennie na mbwa wake anayechechemea.
Rennie hasafiri. Huja tu alfajiri
kufuta umande kwenye benchi
kwa soksi kuukuu ya kijani.
“Mtu asije akakalia maji,” husema.
Hakuna aliyemwajiri.

Taa zachomoza kwenye kona.
Naingia peke yangu, milango inajifunga,
treni imesimama tu, inahema.

Nje, Rennie anaitazama saa,
anatazama reli huku, anatazama kule,
kisha anainua soksi.

Tunaondoka.