Kiduara

Miaka kumi na tisa mimi ni karani wa mji wa Brandvold, Wisconsin:
watu elfu nne na ushee, kiwanda kimoja cha jibini,
theluji isiyojua kuaga.
Sijawahi kumdhuru mtu.
Ila Aprili ile niliua kura mia mbili na kumi na moja
kwa mstari mmoja.

Wagombea walikuwa saba na karatasi ilikuwa fupi.
Wanne nikawapanga kushoto, watatu nikawavusha kulia,
na juu ya kila safu, kwa kuwa fomu ndivyo ilivyotaka,
nikaandika: CHAGUA MMOJA.
Wakatii.
Wakachagua mmoja kushoto,
wakachagua mmoja kulia,
wakaenda zao kunywa kahawa, roho zimetulia.
Usiku mashine ikazitema, moja moja,
kama mtoto anayetema dawa.
Diwani akapita kwa kura tisa.

Hakuna aliyenishitaki. Hilo ndilo lililoniuma.
Orville Tesch, aliyesambaza maziwa tangu enzi za chupa,
alinikuta posta, akavua kofia:
"Nasikia ni sisi tuliokosea. Kichwa changu siku hizi kimechoka."
Kichwa chake!
Nilitaka kumwambia, mzee, iliyochoka ni karatasi yangu.
Nikanunua stempu.

Likaja swali la maktaba.
Mwanasheria wa kaunti, Bwana Aldergate,
aliniletea likiwa limevaa suti na tai:

*Je, azimio la kutobatilisha katazo
la kutozidi kikomo cha tozo ya mali,
kwa kadiri linavyogusa huduma zisizo za lazima,
lisiondolewe?*

Nikalisoma jikoni kwa sauti, sufuria ikichemka.
Nikazihesabu hapana zake kwa vidole, nikafika vinne,
katazo lenyewe sijalitia,
nisijue nimesimama ndani ya mlango au nje.
Nikampigia: "Anayetaka maktaba aseme ndiyo, au hapana?"
Kimya.
Akasema atanirudia.

Jumamosi nikabeba rasimu hadi duka la mashine za kufulia,
ambako watu wana dakika arobaini na hawana pa kukimbilia.
Mai Chou Xiong akaitandaza juu ya shuka zake za moto,
akafuata maneno kwa ukucha, akauliza
mbona kiduara kimekaa mbali na jina lake,
"kama mke na mume walionuniana."
Kijana wa kiwandani akasema herufi kubwa zinamfokea.
Mwanamke mmoja hakusema neno.
Kalamu yake ilishuka, ikasita, ikapanda tena,
na pale iliposita nikatia alama ya penseli.
Pale ndipo kura ingezikwa.

Rasimu ya kumi na moja:

*Je, unataka mji uongeze kodi
ili maktaba ibaki wazi?
Ndiyo: nyumba ya kawaida italipa dola thelathini na mbili zaidi kwa mwaka.
Hapana: kodi haitapanda. Maktaba itafungwa Juni.*

Kila neno na kiduara chake, bega kwa bega.
Wagombea safu moja,
hata karatasi ikarefuka kama orodha ya michango ya harusi.
Aldergate akanung'unika kwamba sheria haina sura hiyo.
Nikamjibu, sheria haijawahi kufua nguo Jumamosi.

Aprili nyingine. Zilizoharibika: sita.
Katika moja, mtu kachora paka. Paka mzuri.

Ndiyo, mia tisa themanini na nane.
Hapana, elfu moja mia moja na thelathini.

Nilikaa garini, injini imezimwa,
mpaka kioo kikaota ukungu wa pumzi yangu.
Katika maktaba ile binti yangu alijifunza kusoma, sakafuni, viatu kavua.
Lile swali la suti na tai, nani ajuaye,
huenda lingewakanganya wakaiokoa.
Wazo hilo lilinijia. Sitalikana.
Nikaliacha likae kiti cha pili mpaka nyumbani.

Wiki ileile, posta, Orville Tesch.
"Safari hii nimeelewa," akasema, kichwa juu.
"Nimepiga hapana. Pensheni haitoshi."
Kisha akainama kidogo:
vitabu vitatu alivyoazima, avirudishe wapi kabla ya Juni?

Nikachukua kalamu ya kaunta, ile ya mnyororo.
Nikamwandikia mlango, siku, saa.
Mstari mmoja.